Safari ya shujaa katika filamu za wasifu: mwongozo wa kuandika maisha ya mtu halisi bila kuyapinda

Tazama filamu tatu za maisha ya watu mashuhuri mfululizo. Ukifika ya tatu utaanza kukisia kinachofuata. Mtoto anakulia mahali pasipompa nafasi, jambo fulani linamwita, anampata mtu wa kumshika mkono, anaingia katika ulimwengu asioujua, anaangushwa hadi chini, anainuka, kisha anarudi na kitu ambacho watu wake hawakuwa nacho. Ramani hiyo aliichora mwanazuoni wa Marekani, Joseph Campbell, mwaka 1949 katika kitabu cha The Hero with a Thousand Faces, akaigawa hatua 17. Katika miaka ya 1980 Christopher Vogler, aliyekuwa akisoma skripti kwa ajili ya Disney, aliifupisha kwenye waraka wa kurasa chache. Hatua 12 ambazo waandishi wengi wa filamu wanazitaja leo zimetoka kwake.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika skripti ya maisha ya mtu aliyeishi kweli: babu yako mpigania uhuru, mwimbaji, mwanariadha, mwalimu wa kijiji. Nitapitia filamu zilizokwisha kutengenezwa, na sambamba nazo tutajenga mfano mmoja wa kwetu, maisha ya Bibi Titi Mohamed, mpigania uhuru wa Tanganyika. Msimamo wangu nautoa mapema. Ramani hii inafaa sana kwa kuulizia maswali, na inaharibu sana ikitumiwa kujazia majibu. Pale maisha yanapoikataa ndipo penye filamu yako.

Ramani kwa ufupi

Campbell hakuanza na sinema. Alisoma hekaya na dini za dunia, akaegemea pia kazi za waliochunguza mila za kuvusha watu rika, hasa Arnold van Gennep aliyeandika mwaka 1909. Aliyelelewa karibu na jando na unyago anaijua safari hii bila kusoma kitabu: mwari hutolewa nyumbani, huwekwa kumbini chini ya kungwi, hupitishwa katika mafunzo na maumivu, kisha hurudishwa kwa ngoma akiwa mtu mwingine, pengine na jina jingine. Kuondoka, kupitia, kurudi. Vitu vingine vyote ni matawi ya hayo matatu.

Hatua 12 za Vogler, kwa maneno yangu, ni hizi: maisha ya kawaida, wito, kusita, kukutana na mlezi, kuvuka kizingiti, majaribu pamoja na marafiki na maadui, kukaribia pango, mtihani mkuu, tuzo, njia ya kurudi, kufufuka, na kurudi na tunu. Usizikariri. Nane kati ya hizo zitajipanga zenyewe ukiandika vizuri. Nne ndizo zinazosumbua kila mwandishi wa wasifu, yaani wito, mlezi, mtihani mkuu na kurudi, na nitakaa nazo zaidi.

Kumbuka jambo moja kabla hatujaanza. Shujaa wa hekaya hana cheti cha kuzaliwa wala wajukuu, na hakuna gazeti la siku hiyo linaloweza kukukanusha. Mtu wako anavyo vyote hivyo.

Hatua ya kwanza: kusanya maisha kabla hujaigusa ramani

Chukua daftari uandike miaka kwa mfuatano. Kila jambo liweke katika safu moja kati ya mbili: lenye ushahidi, au linalosimuliwa. Barua, hukumu ya mahakama, picha yenye tarehe, hansadi ya Bunge na gazeti vinaingia safu ya kwanza. Alichokuambia shangazi yake kinaingia ya pili, na kina thamani kubwa, kwa sababu shangazi ndiye atakayekupa namna mtu huyo alivyokuwa akicheka na alivyokuwa akikasirika. Kwa Tanzania anza na Nyaraka za Taifa na mkusanyiko wa East Africana katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa wazee anza leo hii, kwa kuwa nyaraka zitakusubiri na wao hawatakusubiri.

Safu ya kwanza ya Bibi Titi ingeanza hivi. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alikuwa mwimbaji kiongozi katika vikundi vya ngoma vya kina mama. Mwaka 1955 aliingia katika uongozi wa wanawake wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, na mitandao ileile ya ngoma ikawa njia ya kuwafikia wanawake na kuwakatia kadi kwa maelfu. Uhuru ulipatikana tarehe 9 Desemba 1961. Aliongoza umoja wa wanawake, UWT, na akashika nafasi ya uwaziri mdogo. Mwaka 1965 alipoteza kiti cha ubunge cha Rufiji. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alijiuzulu Kamati Kuu ya TANU. Oktoba 1969 alikamatwa pamoja na wengine kwa tuhuma za uhaini, akahukumiwa kifungo cha maisha, akaachiliwa mwaka 1972. Alifariki Novemba 2000. Leo barabara kubwa ya katikati ya Dar es Salaam ina jina lake.

Soma tena orodha hiyo ukiwa na ramani kichwani. Nusu ya kwanza inaikubali kana kwamba ilitungwa kwa ajili yake. Nusu ya pili inaikataa kabisa. Weka alama kwenye mwaka ambapo maisha yanageuka. Kwa Bibi Titi nimeiweka 1965.

Hatua ya pili: chagua kipande

Kosa linaloua filamu nyingi za wasifu ni kutaka kuonyesha kila kitu. Maisha ya Nelson Mandela yanatupa ulinganisho mzuri. Mandela: Long Walk to Freedom ya mwaka 2013 inamfuata tangu utotoni hadi urais wa 1994, na miaka 27 ya kifungo inabidi ipite kwa haraka ambayo mtazamaji anaihisi. Invictus ya mwaka 2009 inaanzia siku aliyotoka gerezani Februari 1990, kisha inajifunga kwenye jambo moja, Kombe la Dunia la raga la 1995. Kwa kuuliza swali moja tu, rais mpya atawafanyaje watu waliokuwa wakichukiana washangilie timu moja, inapata nafasi ya kukaa na mtu. Mimi naona ya pili inatufundisha zaidi jinsi Mandela alivyofikiri, ingawa ya kwanza ina matukio mengi zaidi.

Gandhi ya mwaka 1982 inafanya uamuzi mwingine. Inaanza na kuuawa kwake Januari 1948, kisha inaruka nyuma hadi mwaka 1893 katika stesheni ya Pietermaritzburg, Afrika Kusini, ambako kijana mwanasheria anatupwa nje ya behewa la daraja la kwanza kwa sababu ya rangi yake. Utoto wote umeachwa. Mtazamaji haukosi, maana behewa lile linabeba maisha ya kawaida na wito kwa pamoja.

Kwa hiyo andika swali moja ambalo filamu yako italijibu, kwa sentensi isiyozidi mstari mmoja. Ukishindwa, bado hujapata kipande. Kwa Bibi Titi maswali yanayowezekana ni mengi. Mwanamke asiye na elimu kubwa ya shule aliwezaje kuwa sauti ya pili ya chama kizima? Hilo linakupa 1955 hadi 1961, filamu ya ushindi, yenye ngoma na mikutano ya hadhara. Mtu aliyejenga nyumba anaishi vipi akifungiwa nje yake? Hilo linakupa 1965 hadi 1972, na ndilo ninalolichagua, nikijua kwamba mtayarishaji atalipenda la kwanza.

Hatua ya tatu: tafuta wito mdogo

Mwandishi mgeni hutaka wito wenye radi. Katika maisha ya kweli wito huwa mdogo kiasi kwamba mwenyewe hautambui kwa miaka. Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, hakwenda kwenye darasa la sataranji la Robert Katende kwa kuupenda mchezo. Alifika kwa sababu watoto waliokwenda walipewa uji. Queen of Katwe, iliyoongozwa na Mira Nair mwaka 2016, inauacha uji uwe uji, na kwa hiyo tunaamini kila kinachofuata, hadi michuano ya Olimpiadi ya sataranji nchini Urusi mwaka 2010.

Katika The First Grader, filamu ya Kimani Maruge, mzee wa Kenya aliyeanza darasa la kwanza mwaka 2004 akiwa na miaka 84, wito unatoka redioni: serikali imetangaza elimu ya msingi bila malipo. Tangazo lile lilikuwa la nchi nzima. Mzee mmoja ndiye aliyelisikia kama lake, na tofauti hiyo kati yake na majirani zake ndiyo tabia yake.

Kwa kila wito jiulize mambo mawili. Kwanza, mtu huyu alikuwa anataka nini siku ile, kwa maana ya kawaida kabisa: chakula, karo, ruhusa ya kutoka nyumbani? Pili, alikuwa anahitaji nini bila kujua? Phiona alitaka uji, akahitaji mahali ambapo akili yake ingehesabiwa. Pengo kati ya hayo mawili ndilo linaloivuta filamu hadi mwisho.

Kwa upande wa Bibi Titi, wito una umbo la kuvutia. Mwaka 1955 John Hatch wa chama cha Labour cha Uingereza alipotembelea Dar es Salaam, aliwauliza viongozi wa TANU wanawake wao wako wapi. Wanaume wakalazimika kumtafuta wa kumwonyesha. Ukiwa na haraka utamgeuza mgeni huyo kuwa mkombozi. Usifanye hivyo. Tukio lina ukweli wake ukiliandika kutoka upande wa Titi: anaitwa kujaza nafasi ili mgeni aridhike, naye anaijaza hadi inakuwa kubwa kuliko walivyokusudia.

Kuhusu kusita, nitasema kidogo tu. Si lazima asite shujaa mwenyewe. Anayezuia anaweza kuwa anayempenda zaidi, kama mama yake Phiona, ambaye ana kila sababu ya kuogopa mtoto wa kike wa mtaa maskini akianza kuota makubwa. Mpe mtu huyo hoja nzuri kuliko zote utakazoziandika. Mama akishindwa hoja kirahisi, filamu nzima inapungua uzito.

Hatua ya nne: mlezi, na swali la wahusika wa kuunganishwa

Hapa ndipo waandishi wanapoanza kuongopa, mara nyingi bila nia mbaya. Maisha ya kweli yana walezi saba, kila mmoja kwa miezi michache. Filamu inamtaka mmoja. Jibu la kawaida ni kumuunda mtu mmoja kutoka kwa wengi.

Malcolm X ya Spike Lee, ya mwaka 1992, ina mhusika aitwaye Baines, mfungwa anayemfundisha Malcolm kusoma kamusi na kumleta katika Nation of Islam, jumuiya ya Waislamu Weusi wa Marekani. Hakuwapo mtu huyo. Gerezani Malcolm alikutana na mfungwa mwingine, John Bembry, aliyemtia hamu ya kusoma. Lakini waliomleta katika imani walikuwa ndugu zake wa kuzaliwa, kwa barua na kwa kumtembelea. Filamu imepata matukio makali sana kwa kumtumia Baines, na naipenda filamu ile. Hata hivyo tazama kilichopotea: familia. Mtoto aliyeona nyumba yao ikisambaratika, baba akifa na mama akipelekwa hospitali ya wagonjwa wa akili, aliokolewa na kaka na dada zake. Hadithi hiyo ni nzito kuliko ya mwalimu wa gerezani, na iliondolewa kwa sababu ramani ina kisanduku kimoja tu kilichoandikwa mlezi.

Kanuni ninayoitumia ni hii. Unaweza kuunganisha watu ambao walifanya kazi ileile kwa sababu ileile: walimu watatu wa shule moja, wakili na msaidizi wake. Usiunganishe watu ambao uhusiano wao na shujaa ni wa aina tofauti. Dada si rafiki, na mfungwa mwenzako si kaka yako. Ukishamuunda mtu wa namna hiyo, mpe jina la kubuni, usije ukampachika mtu halisi maneno ya watu watano.

Pia mpe mlezi maisha yake. Katende wa Queen of Katwe ana mke, ana elimu ya uhandisi, ana nafasi ya kazi yenye mshahara ambayo ingemtoa kwa watoto wale. Anapoamua kubaki, tunaelewa gharama.

Hatua ya tano: vizingiti na majina

Ukitaka kujua mahali mtu alipovuka kizingiti, angalia alipobadili jina, mavazi, makazi au lugha ya kuongea nyumbani. Malcolm Little akawa Detroit Red mitaani, akawa Malcolm X alipotoka gerezani, akawa El-Hajj Malik El-Shabazz baada ya hija ya Aprili 1964. Kila jina ni mzunguko mzima wa ramani: kuondoka, kupitia, kurudi. Filamu ya Spike Lee ina zaidi ya saa tatu kwa sababu inauzunguka mzunguko huo zaidi ya mara moja, na inafaulu kwa kuwa kila mzunguko unavunja kilichojengwa na uliotangulia. Mtu wako akiwa na maisha ya namna hii, usilazimishe mzunguko mmoja.

Farrokh Bulsara alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akasoma bweni India, akarudi Zanzibar, kisha familia ikaondoka baada ya Mapinduzi ya Januari 1964. Dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018 inaanza kumfuata London mwaka 1970, akiwa kijana anayebeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Zanzibar imebaki maneno ya mezani. Kwa sisi wa pwani hilo linauma, na hata kiufundi ni nafasi iliyopotea. Kijana wa miaka 17 anayeondoka kisiwani mwaka ule na wazazi wake tayari amevuka kizingiti kikubwa kabla hajashika kipaza sauti.

Hatua ya sita: mtihani mkuu, na namna ya kuhesabu gharama ya kupinda

Nikae na filamu hiyohiyo, kwa sababu hakuna mfano ulio wazi zaidi. Ramani inataka shujaa aangushwe, afe kwa namna fulani, kisha afufuke mbele ya watu. Watengenezaji walikuwa na ufufuo mkubwa mkononi: tamasha la Live Aid, uwanja wa Wembley, tarehe 13 Julai 1985. Walichokosa ni kifo cha kutangulia. Wakakitengeneza. Katika filamu, Freddie anaiacha bendi kwa tamaa ya mkataba wake binafsi, bendi hiyo, Queen, inavunjika, anajua kwamba ana virusi vya UKIMWI, anawaambia wenzake wakati wa mazoezi, kisha wanapanda jukwaani.

Katika maisha, Queen haikuvunjika. Walikuwa wamemaliza ziara ya dunia miezi miwili tu kabla ya Live Aid. Wenzake wa bendi, Roger Taylor na Brian May, walikuwa wametoa kazi zao binafsi kabla ya Freddie kutoa albamu yake ya 1985. Na kwa maelezo ya mwenzi wake, Jim Hutton, majibu ya hospitali yalikuja mwaka 1987. Freddie alifariki tarehe 24 Novemba 1991.

Si kila badiliko la tarehe ni dhambi. Filamu haiwezi kuishi bila kubana muda. Ninapima kwa maswali matatu. Je, badiliko linahamisha lawama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine? Je, linabadili sababu ya jambo? Je, linabadili nani alijua nini, na lini? Likigusa hata moja, ninaliacha. Filamu hii iligusa yote matatu: ilimtwika Freddie usaliti ambao wenzake walishautangulia kwa kazi zao, ilifanya ugonjwa uwe sababu ya uimbaji wake siku ile, na iliwafanya wenzake wajue miaka kabla ya wakati. La pili ndilo linalonisumbua zaidi. Ugonjwa ukishakuwa bei ya kuiacha familia na kuingia katika starehe, mtazamaji anaondoka na hukumu juu ya wagonjwa ambayo hakuna aliyeitamka.

Njia ya kutoka ipo. Kama maisha hayana anguko pale unapolihitaji, tafuta anguko la kweli hata kama ni la kimya. Phiona anashindwa Urusi na kurudi nyumbani akiamini kwamba hana kipaji. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyemsaliti. Msichana amekaa mbele ya ubao, ameona ukubwa wa dunia, na amejiona mdogo. Inatosha kabisa.

Kwa Bibi Titi mtihani mkuu ni kizimba cha mahakama, na hapo kazi yako ni ngumu kwa sababu nyingine. Kuna kumbukumbu za kesi, kuna familia za walioshtakiwa na za walioshtaki, na kuna heshima ya taifa kwa Mwalimu Nyerere. Ramani itakunong'oneza umpate adui. Usimpate kirahisi. Weka mbele ya mtazamaji kile ambacho kila upande ulikijua mwaka ule wa 1969, katika nchi iliyokuwa imeona maasi ya jeshi mwaka 1964. Acha watu wawili waliopanda jukwaa moja miaka ile ya kudai uhuru wasimame pande mbili za sheria, na mtazamaji awapende wote wawili.

Hatua ya saba: kurudi kusikorudi

Campbell alitaka shujaa arudi na tunu. Lakini maisha mengi yanayostahili filamu Afrika yalikatwa njiani. Lumumba ya Raoul Peck, ya mwaka 2000, inaanza pale ambapo wengine wangemalizia: Wabelgiji usiku, wakiangamiza miili ya Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake wawili waliouawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Tukishajua mwisho, hatumtazami Lumumba tukiuliza kama atashinda. Tunatazama kila uamuzi wake, hotuba ya 30 Juni 1960, kumwamini Mobutu, tukijua unampeleka wapi.

Fasihi yetu ilijua umbo hili zamani. Katika utenzi wa Fumo Liyongo, alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, shujaa anatoroka gerezani kwa tupa iliyofichwa ndani ya mkate, kelele za kukata pingu zikimezwa na ngoma ya gungu. Baadaye anauawa na mwanawe wa kumzaa kwa sindano ya shaba. Anafia kisimani akiwa amepiga goti kana kwamba anavuta upinde, na watu wa mji wanaogopa kwenda kuchota maji. Hakuna tunu iliyoletwa nyumbani. Kuna mji unaojua umempoteza nani. Mwandishi wa filamu za wasifu anayejua Kiswahili anapaswa kuusoma utenzi huo kabla ya kusoma kitabu chochote cha Hollywood.

Wakati mwingine kurudi kunakuja baada ya filamu kwisha kutengenezwa. Mwaka 2022 Ubelgiji iliirudishia familia ya Lumumba jino lake, mabaki pekee yaliyosalia. Jeneza lilipitishwa sehemu mbalimbali za Kongo, Kisangani na Lubumbashi zikiwamo, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Atakayeandika filamu mpya ya Lumumba ana kurudi kwa kweli ambako Peck hakuwa nako.

Na kuna kurudi kunakoachwa kwa sababu ya urefu. Baada ya Makka, filamu ya Malcolm inaelekea haraka New York, kwenye risasi za tarehe 21 Februari 1965. Safari yake ndefu ya Afrika ya nusu ya pili ya 1964, ambamo alifika Dar es Salaam mwezi Oktoba na kuonana na Abdulrahman Babu, mwanamapinduzi wa Zanzibar, na Rais Nyerere, karibu haina nafasi. Pale Malcolm alikuwa akitafuta namna ya kuyafanya madai ya Weusi wa Marekani kuwa suala la haki za binadamu mbele ya Umoja wa Mataifa. Mwandishi wa hapa nyumbani anaweza kulichukua juma hilo la Dar pekee likawa filamu nzima.

Hatua ya nane: panga kadi

Sasa ndipo ramani inapokuja mezani. Kata kadi 12, kila moja na jina la hatua. Juu ya kila kadi andika tukio moja lenye ushahidi kutoka safu yako ya kwanza. Lisipopatikana, angalia safu ya masimulizi. Lisipopatikana hata huko, acha kadi tupu na usibuni. Kadi tatu au nne tupu ni jambo la kawaida. Matukio yaliyobaki bila kadi yaweke pembeni yakionekana, yasirudi ndani ya daftari.

Filamu yangu ya Bibi Titi ingeanza na kukamatwa Oktoba 1969. Maisha ya kawaida na wito vingekuja vipande vipande akiwa kifungoni, vikibebwa na nyimbo: sauti ileile iliyowakusanya wanawake mwaka 1955 sasa iko chumbani peke yake. Kadi ya mlezi ningeiacha tupu, kwa sababu nadhani wanawake wa ngoma ndio waliomlea, nao ni kundi. Mtihani mkuu ni hukumu. Tuzo haipo, na nisingeiweka. Njia ya kurudi ni mwaka 1972, mlango unafunguliwa, na mji haujui umpokee vipi. Kadi ya tunu ningeijaza na kibao cha barabara, na chini yake vijana wanaopanda daladala bila kujua aliimba nini.

Ukimaliza, zitazame kadi tupu pamoja na matukio ya pembeni kwa siku kadhaa. Mara nyingi utaona kwamba tukio lililokosa kadi, kama kujiuzulu kwa 1967, ndilo linalompa mtu wako sura ambayo hakuna shujaa mwingine anayo. Lijengee nafasi katikati ya filamu, hata likivunja mpangilio.

Hatua ya tisa: ruhusa na masikio ya wenye mtu wao

Kama unategemea kitabu cha wasifu, haki ya kukigeuza filamu ni ya mwandishi au mchapishaji wake, na lazima uipate kwa maandishi. Kama unategemea mahojiano, andikiana na mhojiwa tangu siku ya kwanza. Vibali vya kupiga picha ni vya Bodi ya Filamu kwa Tanzania na KFCB, bodi ya kuainisha filamu, kwa Kenya. Muone mwanasheria kabla ya kumtaja mtu aliye hai katika tukio la aibu.

Familia ni suala jingine. Wapelekee muhtasari, si skripti nzima, na waambie mapema kwamba unaomba marekebisho ya ukweli, wala huwapi mamlaka ya kufuta. Mchelea mwana kulia hulia yeye: ukikubali kuondoa kila kinachowachoma, utabaki na hotuba ya msibani.

Mwisho, tafuta wazee wawili au watatu waliomjua mtu wako, wasiojuana ikiwezekana, uwasomee muhtasari kwa sauti. Usiwaulize kama wameupenda. Andika kila mahali mzee anapokukatiza, na weka alama mbili pale wawili wanapokukatiza mahali pamoja. Kisha rudi kwenye kadi uone ni hatua ipi iliyokufanya uandike hivyo. Kama jibu ni kwamba ramani ilitaka, itoe kadi hiyo na uandike alichokisema mzee.